Nilienda kwa kaunsela mara moja nikaacha: nianzie wapi tena?

Swali: Nina miaka 38, ni fundi wa magari hapa Thika, nina mke na watoto wawili. Tangu mwaka jana usingizi umenipotea. Nalala saa nne, saa tisa usiku niko macho nakodolea dari. Gereji nagombana na wateja, na nyumbani nimekuwa mkali kwa vitu vidogo. Pombe nayo imeongezeka. Mke wangu alinisukuma hadi nikaenda kwa kaunsela mmoja. Alinihubiria saa nzima, akaniambia nimshukuru Mungu kwa uhai na nimsikilize mke wangu, nikalipa shilingi 2,500 nikaenda zangu. Marafiki wanasema mwanamume ni kujikaza kisabuni. Je, ushauri nasaha unamsaidia mwanamume kweli? Na nitampataje mtu anayefaa bila kumaliza pesa nikijaribu mmoja baada ya mwingine? Pia mke wangu anataka kujua kila kinachosemwa huko. Je, ni lazima nimwambie?

Jibu: Ndugu Fundi, siku ile ulilipia mawaidha ya mtu ambaye hakukuuliza chochote. Kaunsela anayeijua kazi yake hutumia sehemu kubwa ya kikao cha kwanza kuuliza. Usingizi ulianza kupotea lini? Unakunywa chupa ngapi, siku ngapi za wiki? Hasira ikipanda, unafanya nini na mikono yako? Umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa? Unataka nini kibadilike? Kama hukuulizwa hata moja kati ya hayo, basi ushauri nasaha bado hujaujaribu, na huwezi kusema umekushinda.

Ndiyo, tiba ya mazungumzo humsaidia mwanamume kama inavyomsaidia mwanamke. Tatizo ni kwamba wanaume huchelewa kuingia na huwahi kutoka. Wengi huja wamesukumwa na mke, bosi au daktari, wanakaa kikao kimoja au viwili, wakiona ni maneno tu wanapotea bila kuaga. Kwa hiyo mtu mpole wa kukusikiliza hakutoshi. Unamhitaji anayeweza kukueleza mtafanya nini pamoja, na mtajuaje kama kinafanya kazi.

Uliyoyataja, yaani kuamka usiku wa manane, ukali na pombe, ni sura ya kawaida sana ya sonona (depression) kwa mwanamume. Watu wakisikia sonona hufikiria mtu anayelia na kujifungia chumbani. Wanaume wengi hawaji hivyo. Wanakuja na hasira, maumivu ya mgongo na kichwa yasiyoisha, kufanya kazi hadi usiku ili wasirudi nyumbani, kuendesha kwa fujo, kamari, bia. Kwa sababu hiyo jamaa na hata wahudumu wa afya huwapita bila kuona. Sisemi kwamba una sonona, kwa maana hilo haliamuliwi kwa barua. Nasema dalili zako zinatosha kukupeleka kupimwa.

Kuna swali moja linalotangulia mengine yote, na nakuuliza waziwazi: umekuwa ukiwaza kujiua? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Kama wazo hilo lipo, na hasa kama umeshafikiria namna, mahali au siku, usingoje miadi ya kaunsela. Piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177, au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu. Sumu ya wadudu, dawa na kamba viondolewe nyumbani au akabidhiwe mtu mwingine avitunze. Wanaume wengi wamenyamaza wakiogopa sheria, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie mhudumu ukweli.

Kama hilo halipo, anza na hospitali kabla ya kaunsela. Safari moja inatosha. Mwambie daktari au afisa wa kliniki kwamba hulali na una hasira, kisha omba upimwe presha, sukari, wingi wa damu na tezi la shingo. Tezi likifanya kazi kupita kiasi huleta ukali, jasho na kukosa usingizi. Likizorota huleta uchovu na uzito wa moyo. Kama mkeo anasema unakoroma hadi pumzi inakatika, liseme pia, kwa kuwa koo linaloziba usingizini humwamsha mtu mara nyingi bila yeye kujua. Kama nguvu za kiume zimepungua, usilifiche. Wakati mwingine sukari au mishipa ya moyo huanza kujionyesha hapo. Taja kila dawa unayotumia. Efavirenz, dawa ya zamani ya HIV, inajulikana kwa kuleta ndoto mbaya na huzuni. Hakuna kaunsela atakayeyaona haya kwa kuzungumza.

Pombe inahitaji neno lake peke yake. Bia hukulaza haraka, halafu inapoisha mwilini, usingizi wa nusu ya pili ya usiku hukatika. Ndiyo sababu mojawapo ya ile saa tisa yako. Basi punguza, lakini angalia kwanza: ukiamka mikono inatetemeka, unatoka jasho, na chupa moja ya asubuhi inakutuliza, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku unaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 baada ya chupa ya mwisho, na kuchanganyikiwa kwa hatari siku ya pili hadi ya nne. Hiyo ni kazi ya hospitali, na watu hufa kwa kuifanyia nyumbani. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, ya kuelekeza watu wenye shida ya pombe.

Ukiwa hospitalini omba pia ujaze fomu ya PHQ-9. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha na mengineyo. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 na kuendelea huhitaji tathmini ya kweli, na 20 na zaidi ni hali nzito. Andika alama yako na tarehe kwenye simu, utaihitaji baadaye. Ila fomu hii ina upungufu kwa mtu kama wewe, kwani haiulizi hasira wala pombe. Mwanamume anaweza kupata 8 huku nyumba inaungua. Kwa hiyo ongeza hesabu zako mwenyewe za wiki moja: chupa ngapi, saa ngapi za usingizi, mara ngapi umefoka hadi mtoto akanyamaza.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Kaunsela na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo na hawaandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea, anaandika dawa, na wengi wao wako Nairobi. Kwenye hospitali za kaunti mara nyingi utakutana na muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea afya ya akili, na usimdharau. Huyo ameona wagonjwa wengi kuliko makaunsela wengi wa mjini. Kwa hali yako kaunsela au mwanasaikolojia anatosha kuanza naye, mradi ajue ni wakati gani wa kukupeleka kwa daktari.

Nchini Kenya neno kaunsela limetumiwa ovyo. Mtu anafanya kozi ya wiki mbili kanisani, anachapisha kadi, anafungua ofisi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaofanya kazi hii. Uliza namba ya usajili, kisha uhakikishe na Bodi yenyewe. Vyeti ukutani ni karatasi tu. Uanachama wa chama cha taaluma kama KCPA, chama cha washauri na wanasaikolojia wa Kenya, ni dalili nzuri, lakini chama si leseni. Mtu halali hakasiriki akiulizwa, anakutumia namba mara moja. Anayekujibu "niamini tu, ndugu yangu" umeshamjua.

Pa kumtafuta? Anza na ile hospitali uliyopimiwa. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili siku maalumu za wiki, na ada yake ni ndogo kuliko ya ofisi binafsi. Uliza mapokezi siku hiyo ni ipi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari iko kwenye barabara yenu hiyohiyo ya Thika, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje wanaokuja na kurudi nyumbani. Najua jina hilo linavyotisha, watu wanalitumia kutukanana, lakini foleni ya kliniki imejaa walimu, askari na wafanyabiashara. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia navyo huwa na vituo ambako wanafunzi wa shahada ya uzamili wanahudumia watu chini ya msimamizi kwa bei nafuu. Watu huwaogopa wanafunzi bure. Mwanafunzi anayesimamiwa vizuri huwa na mtu mzoefu anayepitia kazi yake kila wiki, na kaunsela wa miaka ishirini asiyesimamiwa na yeyote hana hilo.

Ofisi binafsi Nairobi na miji ya karibu kwa kawaida hutoza kati ya shilingi 2,000 na 5,000 kwa kikao cha dakika 45 hadi 60. Tiba yenye mpango huchukua vikao 6 hadi 20. Piga hesabu ya vikao 8 kwanza: kwa shilingi 2,500 ni 20,000, vinne vya kwanza kila wiki na vilivyobaki kila baada ya wiki mbili. Kama huwezi, sema kabla ya kuanza. Wengi wana bei ya chini kwa wachache na hawaitangazi. Kilicho kibaya zaidi ni kulipa bei kubwa mara tatu halafu kukatika katikati. Na usimwambie utamtengenezea gari badala ya kulipa. Akikubali, siku breki zikisumbua tena utakuwa na deni kwa mtu unayepaswa kumwambia siri zako. Kaunsela mzuri atakataa.

Chukua majina matatu. Usiende kwa yeyote bado. Watumie wote ujumbe mmoja, kwa mfano huu:

"Habari. Mimi ni mwanamume wa miaka 38. Nina shida ya usingizi, hasira na pombe kwa takriban mwaka mmoja. Naomba dakika 10 za simu kabla ya kuweka miadi. Bei yako ni ngapi kwa kikao, na namba yako ya usajili ni ipi?"

Asiyejibu kwa siku tatu mfute. Anayekubali simu, muulize mambo machache. Umefanya kazi na wanaume wenye hasira na pombe? Unatumia njia gani, na kikao cha kawaida kinakwendaje? Tutajuaje baada ya mwezi mmoja kama ninaendelea vizuri? Ni wakati gani utanipeleka kwa daktari? Nani anakusimamia kazi yako? Sikiliza jinsi anavyojibu zaidi ya majina anayoyataja. Jibu zuri ni la namna hii: "Vikao viwili vya kwanza nitauliza sana, tutaandika malengo mawili au matatu, kila kikao utaondoka na zoezi, na baada ya vikao vinne tutarudia ile fomu tulinganishe." Jibu baya ni "wewe njoo tu tuongee, utajisikia vizuri." Anayekuahidi kupona kwa vikao vitatu, au anayetaka ulipe vikao kumi mbele, mshukuru ukate simu.

Swali la mwanamume au mwanamke huulizwa kila mara. Hakuna kanuni. Wako wanaume wanaofunguka kwa mwanamke kwa sababu hawashindani naye, na wako wasioweza kumtajia mwanamke habari za kitandani. Chagua yule ambaye mbele yake utadanganya kidogo kuliko mbele ya mwingine. Umri una uzito wake pia: ukimkuta kijana wa miaka 27 usimkatae mlangoni, ila muulize moja kwa moja kama ameshafanya kazi na wanaume wenye ndoa na biashara. Lugha ni muhimu kuliko vyote hivyo. Tafuta mtu ambaye unaweza kukasirika mbele yake kwa lugha unayokasirikia nyumbani, iwe Kikuyu, Kiswahili au Sheng. Mtu akianza kutafsiri hasira yake kwa Kiingereza cha ofisini, hasira yenyewe hubaki nje. Na katika mji ambao kila mtu anamjua fundi wake, kuchagua mtu wa Ruiru au Nairobi, au vikao vya simu na video, si woga. Kwa video hakikisha una faragha ya saa nzima, spika za masikioni, na simu yenye chaji. Gari lililoegeshwa mahali salama hufaa sana. Gari linalotembea halifai.

Siku ya kwanza usinywe. Kaunsela hawezi kupima hali ya mtu aliyepiga mbili za kutuliza mishipa. Fika na karatasi yenye alama ya PHQ-9, hesabu za wiki, dawa unazotumia, na sentensi moja ya unachotaka. Hapa wanaume wengi hujikwaa. Wakiulizwa kilichowaleta, wanasema "ni mke wangu alisema nije", au "ni stres tu za kawaida". Wewe unajua mteja akikuletea gari akasema "linasumbua tu", utazunguka nalo siku nzima. Sema kinachosikika, lini, na ukifanya nini: "Naamka saa tisa usiku, siku tano kwa wiki. Mwezi huu nimefukuza wateja wawili. Wiki iliyopita nilimrushia mwanangu kiatu." Jambo la aibu kuliko yote liseme kabla ya dakika ya ishirini. Wanaume wana tabia ya kulitoa mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, wakati hakuna tena nafasi ya kulishika.

Ili usiende gizani, hivi ndivyo kikao chenye kazi kinavyoweza kuonekana. Unaeleza kwamba Jumatano mteja alikuja akasema, "Fundi, gari umeliharibu zaidi." Kaunsela hakuambii upunguze hasira. Anachora safu kwenye karatasi na kukurudisha nyuma, hatua kwa hatua. Kabla hujajibu, mwilini kulitokea nini? Shingo ikapata moto, meno yakakazana. Kichwani kukapita nini? "Ananiona mjinga, atanichafulia jina stendi nzima." Kisha ukafanya nini? Ukatupa spana, ukamtukana. Ikawaje? Mteja akaondoka bila kulipa, jioni bia nne, saa tisa macho. Mkiitandaza hivyo mnaona ile bia na ile saa tisa zilianzia kwenye shingo. Hapo anauliza ni wapi pa kukata. Mnakubaliana shingo ikishika moto ni ishara: utasema "nipe dakika mbili nilicheki", uzunguke nyuma ya gari, utoe pumzi polepole mara kadhaa, urudi na swali badala ya jibu. Na lile wazo la kuitwa mjinga mnalipima: wateja wangapi wamerudi mwaka huu? Kikao kijacho haanzi na "unajisikiaje". Anauliza umejaribu mara ngapi na imegoma wapi. Ikigoma mara nne kati ya tano, hiyo ni habari ya kufanyia kazi, kwa hiyo usiifiche ili umfurahishe.

Kwa usingizi atakupa masharti yanayoonekana ya kipuuzi: amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, usilale mchana, na ukikaa macho kama dakika 20 toka kitandani, kaa kwenye kiti na mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Wiki ya kwanza utachoka zaidi. Wengi huacha hapo, siku chache kabla masharti hayo hayajaanza kufanya kazi.

Baada ya kikao cha tatu fanya tathmini. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba uhusiano wa kazi kati ya mtibu na mteja una nguzo tatu: mnakubaliana lengo, mnakubaliana kazi ya kulifikia, na kuna imani kati yenu. Utafiti mwingi uliofuata umeonyesha kwamba ubora wa uhusiano huo hutabiri matokeo vizuri. Jiulize basi. Naweza kutaja lengo letu kwa sentensi moja? Naelewa kwa nini nafanya zoezi hili? Nimeweza kumwambia jambo ambalo sijamwambia mtu? Ukijibu hapana kwa moja, lipeleke kwake kwanza, kwa maneno haya: "Sioni tunaelekea wapi." Ukweli wa kaunsela huonekana hapo. Mzuri atasogeza kiti na kuuliza zaidi, pengine abadilishe njia. Dhaifu atajitetea au atakuambia unakataa msaada. Ukijibu hapana kwa yote matatu, badilisha mtu, na umwombe akuelekeze kwa mwingine. Kutojisikia vizuri baada ya kikao kigumu si sababu ya kuondoka. Kuchoshwa na mahubiri ni sababu.

Yako mambo ambayo hayangoji kikao cha tatu. Anapokea simu mkiongea. Anasimulia ya wateja wengine, hata bila majina. Anageuza saa yako kuwa ya ndoa yake. Anakugusa, anakualika nyumbani kwake, anakukopa, anakuuzia virutubisho, anakutaka ujiunge na kanisa lake. Ondoka, na kama amesajiliwa, Bodi hupokea malalamiko. Simsemi vibaya mchungaji wala sheikhe. Kwa kufiwa, toba na maswali ya imani wao ndio wenyewe, na wengine wamesomea ushauri kikamilifu. Lakini mchungaji mwenye busara hukuombea, kisha hukupa namba ya kliniki.

Siri yako inalindwa, na ina mipaka ambayo kaunsela anapaswa kukusomea kabla ya kuanza: hatari ya kujiua, hatari kwa mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa, au amri ya mahakama. Nje ya hapo hana ruhusa ya kumwambia mtu, na taarifa za afya zinalindwa kwa uzito zaidi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ukilipa kwa bima, fahamu kwamba ankara hubeba aina ya ugonjwa, na kampuni nyingi hutaka barua ya daktari na idhini kabla ya kikao. Ukilipa kwa M-Pesa, angalia jina litakalotokea kwenye ujumbe kama simu hiyo hushikwa na wengine.

Ikiwa utaelekezwa kwa daktari na kuandikiwa dawa za sonona kama fluoxetine au sertraline, zichukulie hivi. Huanza kufanya kazi baada ya wiki 2 hadi 4, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Ukipata nafuu, kwa kawaida unaendelea angalau miezi 6 ili hali isirudi, na kuziacha hufanywa polepole chini ya daktari. Zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kumaliza. Wanaume wengi huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo, ilhali daktari angeweza kubadilisha dawa au kipimo. Hazileti uraibu. Kinacholeta uraibu ni Valium ya kununua kaunta ya dawa bila karatasi, tena ndani ya wiki chache, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Kuhusu mkeo, si lazima umwambie kinachosemwa. Mwambie siku na saa ya kikao, bei, na lengo mnalofanyia kazi. Mwambie pia kitu kimoja atakachokiona nyumbani, kwa mfano kwamba ukitoka nje katikati ya ugomvi utarudi baada ya dakika 20, hujakimbia. Yaliyobaki ni yako. Akitaka kuingia, mwombe kaunsela mpange kikao kimoja cha pamoja baada ya cha nne au cha tano. Hapo mkeo ataeleza anachokiona, nawe hutalazimika kufungua kila kitu. Lakini kama umeshampiga yeye au watoto, usianze na ushauri wa wanandoa. Mwanamke anayeogopa kipigo hatasema ukweli akiwa ameketi pembeni yako, na akisema, safari ya kurudi nyumbani inaweza kuwa ya hatari kwake. Mwambie kaunsela hilo katika ile simu ya dakika 10, kabla hata ya kupanga miadi, na umuulize kama amewahi kufanya kazi na wanaume wanaopiga. Kama hajawahi, omba jina la anayeifanya kazi hiyo.